Dola 83,250 ni za nani?

Kila mwisho wa mwaka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakitoa namba mpya za akaunti za kustaafu, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Marekani lazima mtu airushe ile picha ya jedwali, watu wanagonga dole gumba, alafu mada inarudi kwenye msiba wa fulani na mchango umefika ngapi. Za 2026 ziko hivi: ukiwa na biashara yako na huna mfanyakazi, ukafungua 401(k) ya mtu mmoja, yaani akaunti ya akiba ya uzeeni yenye nafuu ya kodi, ukomo wa kuweka ni dola 72,000, ukiwa na miaka 50 kwenda juu unaongeza 8,000, na ukiwa na 60, 61, 62 au 63 unaongeza 11,250 badala ya zile 8,000, jumla 83,250. Kwa mwaka mmoja. Mtu anasoma anajisemea kumbe hata nimechelewa nitafidia tu.

Mi naona hiyo namba inatupumbaza. Ili uifikie ukiwa umejiajiri bila kuandikisha kampuni, biashara yako inabidi ikubakizie faida ya kama dola 250,000 baada ya gharama zote, kwa sababu ule mchango unaotoka upande wa "mwajiri", ambaye ni wewe mwenyewe, unapigwa kwa asilimia 20 hivi ya faida. Hapo tunamuongelea daktari wa meno mwenye kliniki yake, au wakili. Wazee wetu wengi wenye biashara huku ni wa semi moja (lori kubwa la trela), saluni ya kusuka, duka la vyakula vya nyumbani, usafi wa maofisi usiku, au nyumba ya kulelea wazee yenye vitanda sita kule jimbo la Washington. Kwa hao ukomo unaowabana uko kwenye mstari wa 31 wa ile fomu ya kodi ya biashara, Schedule C, pale panapoandikwa faida halisi, na huo ukomo hawajapangiwa na Congress, wameupanga wao na yule anayewatengenezea ritani ya kodi.

Tuchukue dereva mmoja wa mfano. Kazaliwa 1964, mwaka wa Muungano, kwa hiyo mwaka huu anatimiza 62. Kaja Marekani 2009 akiwa na miaka 45, kapiga kazi ghalani, baadaye kachukua leseni ya malori makubwa, CDL, sasa ana semi yake mwenyewe na amejisajili kivyake. Anaingiza pesa nyingi tu ukiitazama juujuu, ila ukitoa dizeli, bima, tairi, matengenezo, parking, posho ya chakula njiani na kila kitu, anabakiwa na faida ya dola 60,000. Huyu mzee akienda kwa mhasibu wake mwezi wa nne akasema nataka kuweka hela ya uzeeni, mara nyingi ataambiwa fungua SEP, akaunti nyingine ya uzeeni ya wenye biashara. Kwa nini SEP? Kwa sababu ni rahisi, fomu yake ya IRS ni fupi sana, inafunguliwa hata mwaka ukiwa umeshaisha na haina kazi nyingi ya karatasi. Sawa. Lakini SEP haina mchango wa mwajiriwa na haina nyongeza ya umri, ni ile asilimia 20 tu, kwa hiyo kwa faida ya 60,000 ukishatoa nusu ya kodi ya kujiajiri (ile asilimia 15.3 ya pensheni na matibabu ya uzeeni) anaruhusiwa kuweka kama dola 11,150, basi, mlango umefungwa.

Mzee yuleyule, faida ileile, angekuwa na 401(k) ya mtu mmoja angeweka zile 11,150 kama mwajiri, alafu kama mwajiriwa angeweka 24,500, alafu nyongeza ya miaka yake 11,250. Inafika karibu 46,900. Sisemi anayo hiyo hela yote ya kuweka, ana kodi ya nyumba na ana watu nyumbani, ila kuna miaka inatokea, kauza kiwanja, mke kapata kazi nzuri, mtoto wa mwisho kamaliza chuo, na ule mwaka ndo unamkuta yuko kwenye SEP ambayo haimruhusu. Kwa mtu mwenye faida ya kati ya elfu thelathini na laki moja, na umri zaidi ya 50, sijaona sababu ya kumpeleka kwenye SEP zaidi ya urahisi wa mhasibu. Tena siku hizi hata kisingizio cha kuchelewa kimepungua, sheria ya SECURE 2.0 ya Desemba 2022 imeruhusu aliyejiajiri bila wafanyakazi afungue 401(k) yake mwaka ukiwa umeisha na aweke hata ule mchango wa mwajiriwa wa mwaka wa kwanza mpaka siku ya mwisho ya kupeleka ritani, ile ya kawaida ya Aprili, siyo ya Oktoba. Karatasi zake si nyingi hivyo pia, ripoti ya mwaka ya fomu 5500-EZ inaanza kudaiwa akaunti ikizidi dola 250,000.

Haya, sasa turudi mstari wa 31 maana hapo ndo penye uchungu.

Utamaduni wetu wa ritani, na si wetu peke yetu, ni kushusha faida mpaka ikaribie sifuri. Mhasibu anayesifiwa ni yule "anayejua kukata". Na tangu ile sheria kubwa ya kodi ya Julai 2025 irudishe uchakavu wa asilimia 100, yaani kifaa ulichokinunua baada ya tarehe 19 Januari 2025 unaweza kukitoa chote kama gharama mwaka uleule ulioanza kukitumia, mchezo umekuwa mtamu zaidi. Dereva wetu wa 60,000 mwezi Desemba ananunua semi nyingine ya mtumba ya dola 70,000 kwa mkopo, mhasibu anaiondoa yote, mstari wa 31 unasoma hasara ya elfu kumi. Mzee anashangilia, kakwepa kodi ya kujiajiri kama 8,480 na kodi ya mapato kidogo juu yake.

Alichopoteza hakionekani kwenye ile karatasi. Kwanza ukomo wake wa kuchangia mwaka huo ni sifuri, SEP sifuri, 401(k) yake sifuri, hata IRA ya kawaida, akaunti ya uzeeni ya mtu binafsi, kama mkewe hana kipato haweki, kwa sababu akaunti zote hizi zinahesabu kipato cha kazi na yeye kasema hana. Pili, na hili ndo kubwa, Social Security, ile pensheni ya serikali, nayo imeandika sifuri. Unahitaji krediti 40 ili ulipwe pensheni yao, mwaka 2026 krediti moja ni dola 1,890 za kipato na mwisho ni nne kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa hasara haukupi hata moja. Aliyekuja na miaka 45 hana miaka ya kuchezea. Na hata aliyekwisha fikisha 40, pensheni inapigwa kwa wastani wa miaka 35 iliyo bora, ukiwa umefanya kazi huku miaka 17 basi ile 18 iliyobaki imejazwa sifuri, na kila mwaka mzuri unaouonyesha unaingia kwenye nafasi ya sifuri moja.

Hapa nataka tupige hesabu polepole kwa sababu watu wengi hawajawahi kuiona. Kanuni ya Social Security inampendelea mwenye wastani mdogo. Kwa anayefikisha 62 mwaka 2026, dola 1,286 za kwanza za wastani wake wa mwezi analipwa asilimia 90, zinazofuata juu ya hapo asilimia 32. Dereva wetu kwa miaka yote amekuwa akionyesha faida ya elfu ishirini na kitu, kwa hiyo bado yuko ndani ya ile ya asilimia 90. Akionyesha faida yake ya kweli ya 60,000, kinachohesabika ni 55,410 (sheria inaondoa kidogo kwanza), gawanya kwa miezi 420 ya ile miaka 35 unapata karibu 132, chukua asilimia 90, ni kama dola 119 kila mwezi akianza kulipwa na miaka 67, mpaka anakufa, na inapanda na bei za vitu. Kwa mwaka ni zaidi ya dola 1,420. Kalipia 8,480 mara moja. Ndani ya miaka 6 imerudi yote, akiishi mpaka 85 ameivuna mara tatu, na mjane wake anabaki nayo. Niambie ni mfuko gani wa hisa unaompa mzee wa miaka 62 uhakika wa namna hiyo.

Simaanishi ulipe kodi kizalendo. Gharama ya kweli iondoe, ni haki yako. Ila uchakavu una hiari, unaweza kukataa ile ya asilimia 100 na kichwa cha semi kikasambazwa kwenye ratiba yake ya kawaida ya miaka 3, faida ikabaki inasomeka kila mwaka, krediti zikaingia na ukomo wa kuchangia ukawepo. Mhasibu hatakwambia hivyo usipomuuliza, maana umemfuata kwa ajili ya kodi ya mwaka huu na yeye anataka urudi mwakani ukiwa na furaha.

Kuna na hii fasheni ya S-corp, namna nyingine ya kampuni kutozwa kodi. Kila mwenye kampuni ndogo ya LLC siku hizi keshaambiwa ageuze iwe S-corp ajilipe mshahara mdogo, kinachobaki akichukue kama gawio lisilokatwa ile 15.3. Kwa kijana wa miaka 35 labda. Kwa mzee wa 60 anayejilipa mshahara wa dola 24,000 wakati kampuni imemuingizia 90,000, mchango wa mwajiri ni asilimia 25 ya mshahara, yaani 6,000, na mchango wake mwenyewe hauwezi kuzidi mshahara huohuo, gawio halihesabiki popote, si kwenye 401(k) si kwenye Social Security. Kajichimbia mwenyewe, alafu anakuja kuuliza mbona wenzangu wanaweka zaidi.

Na wenye kazi mbili, manesi wetu hasa, anafanya hospitali na ana kibiashara pembeni: ile 24,500 inamfuata mtu, haiongezeki kwa sababu una akaunti mbili. Ukishaimaliza kazini, kwenye biashara yako unabaki na ule upande wa mwajiri tu.

Sasa hili dirisha la 60 mpaka 63. Lilianza 2025, na mpaka leo sababu yenye mashiko ya kulifunga ukigonga 64 sijaiona, mtu wa 64 ndo kwanza anajua kama biashara imesimama. Wanaangalia umri utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba, kwa hiyo 2026 ni ya waliozaliwa 1963 mpaka 1966. Wazee wa Kenya na Zanzibar waliozaliwa mwaka wa Uhuru, 1963, huu ndo mwaka wao wa mwisho, mwakani wanarudi kwenye nyongeza ya kawaida. Alafu kuna ndugu zetu Wakongo na wengine waliopitia kambini, ambao karatasi zao zimeandikwa tarehe 1 Januari kwa sababu afisa alihitaji kujaza kitu. Umri unaohesabika ni wa kwenye karatasi, siyo ule mama yako anaoukumbuka kwa mvua za mwaka fulani. Mtu ana miaka 61 kweli ila makaratasi yanasema 58, dirisha lake halijafunguka, atalisubiri mpaka akiwa amechoka.

Kisiasa, mi naona hizi nyongeza zimetengenezwa na watu wanaodhani tatizo la mzee ni kwamba sheria inamzuia kuweka hela. Tajiri wa daraja la kodi la asilimia 37 akiweka dola 10,000 serikali inamsamehe 3,700. Dereva wetu wa daraja la asilimia 12 akiweka 10,000 hiyohiyo anasamehewa 1,200, na ile kodi ya kujiajiri haipungui hata senti, mchango wa uzeeni hauigusi. Ukipandisha ukomo kutoka 70,000 kwenda 72,000 umemsaidia yupi kati ya hao wawili? Wakati huohuo IRA ya kawaida, ambayo ndo mwanamke anayesuka nywele anaweza kuifungua kwa simu akiwa kwenye basi, nyongeza yake ya umri kwa 2026 ni dola 1,100. Wangeipandisha hiyo. Kinachonipa moyo kidogo ni kwamba kuanzia 2027 mwenye kipato cha chini akiweka mpaka dola 2,000 serikali yenyewe inamuwekea mpaka nusu yake, dola 1,000, kwenye akaunti ya kustaafu, hata kama hadaiwi kodi yoyote. Hiyo haijapigiwa kelele, labda kwa sababu hakuna mtu anayelipwa kamisheni juu yake.

Ndo maana pia kwa mtu wa asilimia 12 mi nampa ushauri unaowakera wahasibu: ule mchango wa mwajiriwa weka upande wa Roth, lipa kodi yako sasa maana ni ndogo, miaka 5 ikipita na umevuka 59 na nusu unaitoa pamoja na faida yake bila kudaiwa. Na kwa mashehe na wengine wasiotaka riba, siyo lazima hela ikae kwenye hati fungani, 401(k) yako unaichagulia wewe kilicho ndani na mifuko ya hisa ya halali ipo.

Wenye wafanyakazi habari yao ni nyingine kabisa na huwa wanaponzwa na SEP vibaya. Ukijiwekea asilimia 20 kwenye SEP, kila mfanyakazi wa miaka 21 na zaidi aliyekufanyia kazi hata kidogokidogo katika miaka 3 kati ya 5 iliyopita, na unamlipa hata dola mia nane kwa mwaka, lazima umuwekee asilimia 25 ya mshahara wake, maana ile 20 ya faida yako ni sawa na 25 ya mshahara, hela yako mwenyewe. Dada mwenye nyumba ya wazee na walezi watano hawezi. Huyo SIMPLE, mpango mwepesi wa biashara ndogo zenye wafanyakazi, inamfaa zaidi: kwa biashara yenye watu 25 au chini anaweka kutoka kwenye kipato chake mpaka 18,100 kwa 2026, akiwa wa 60 mpaka 63 anaongeza 5,250, na wafanyakazi anawaongezea mpaka asilimia 3 kwa wale tu wanaochangia. Asije tu akaitoa hela ndani ya miaka 2 ya kwanza kabla ya 59 na nusu, faini yake ni asilimia 25 wakati kwingine ni 10. Na wenye 401(k) ya mtu mmoja angalieni yule mpwa mliyemuweka kusaidia ofisini, akigonga saa 1,000 kwa mwaka akaunti si ya mtu mmoja tena, na hata saa 500 kwa miaka 2 mfululizo zinamfungulia mlango.

Kuna watakaosema hela yangu iko Bunju kule Dar, nina nyumba za kupangisha, sihitaji haya. Sawa, kama nyumba zipo kweli na msimamizi ni mtu anayepokea simu. Kiwanja hakina ukomo wa IRS. Hakikupunguzii kodi ya huku pia, na ukiwa raia wa Marekani ile kodi ya pango unatakiwa kuionyesha kwenye ritani hata ukihamia Bunju yenyewe.

Jambo la mwisho, ambalo naliona kwenye karibu kila familia yenye semi, ni mke. Mke ndo anapokea simu za mabroka, anatuma ankara, anafuatilia malipo, anajaza karatasi zote za DOT, idara ya usafirishaji, miaka 10, na kwenye ritani hayupo. Hana krediti hata moja kwa jina lake. Biashara ya mume na mke ambayo haijaandikishwa kampuni inaruhusiwa kugawanywa, kila mmoja na Schedule C yake, na kwenye majimbo kama Texas na Washington hata LLC ya wanandoa ina njia yake. Ile 60,000 inakuwa 30,000 na 30,000, jumla ya ile kodi ya 15.3 haibadiliki, ila sasa kila mmoja anapata krediti 4 kwa mwaka, kila mmoja ana ukomo wake wa kuchangia na nyongeza yake ya umri, na kipato cha mke kinaanzia kwenye ile asilimia 90 hata kama cha mume kimeshavuka. Wakiachana kabla ya miaka 10 ya ndoa mke hadai chochote kwenye Social Security ya mume, kwa hiyo hayo majina mawili kwenye ritani yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Kabla hujamuuliza mhasibu habari ya 83,250, muulize hiyo.